Shairi la Rhobi Lilipotiwa Nyuzi

Teresia ni fundi cherehani sokoni Mugumu, kibanda chake kinapakana na changu. Rhobi, binti yake wa pekee, alipofariki ghafla akiwa bwenini shuleni, Teresia hakulia mbele za watu. Aliandika shairi la vina na mizani, kama tulivyofundishwa darasani zamani. Lilianza hivi: Rhobi wangu hukuaga, uji wako umepoa.

Akaona karatasi itaishia kwa mchwa. Ili jina la mtoto lidumu, akampelekea Kisyeri, mpiga litungu, kile kinanda chetu cha nyuzi. Mzee alifurahi; maneno yaliyopimwa hayamsumbui mpigaji. Ila alisema beti sita ni nyingi. Akachukua mbili, na mstari wa kwanza akaufanya kiitikio. Siku ya kuweka msalaba kaburini aliuimba wimbo huo taratibu, na Teresia akalia hadi tukamshika.

Miezi ikapita, tukaalikwa kumuaga Sarah wa jirani, anaolewa Sirari. Kisyeri akapiga kwa haraka: Sarah wetu hukuaga, uji wako umepoa. Watu wakacheka, wakacheza kwa kutupa mabega.

Wapiga litungu wote ndivyo walivyo. Jina la kwenye wimbo ni la mwenye shughuli, na hakuna anayesema ni wizi. Teresia alilijua hilo. Alidhani tu wimbo wa msiba hauguswi. Mimi muuza mahindi, gunia likishanitoka siulizi limesagwa wapi. Yeye alimfuata mzee palepale.

"Shikamoo, mzee. Rhobi wangu umemweka wapi?"

"Marahaba, mama. Shairi hukaa na aliyeliandika. Wimbo hukaa na waliopo. Ningeng'ang'ania jina moja, wimbo ungezikwa naye."

Teresia alimwomba kitu kimoja: aje nyumbani auimbe kama siku ile ya msalaba, hata mara moja.

Mzee alikuja Jumapili, na mimi nikaitwa kusikiliza. Alianza polepole, jina likatoka vizuri, Teresia akafumba macho. Ubeti haujaisha, wasichana waliokuwa wakipita na ndoo za maji wakautambua wimbo. Wakapiga vigelegele nje ya ua, mmoja akauliza leo anaolewa nani.

Kisyeri akashika nyuzi zikanyamaza. Teresia akaenda mlangoni.

"Hakuna anayeolewa," akawaambia. "Nyumba hii haina binti."