Walishanisomea Hitma

Niliporudi Mkunya kutoka Dar, mama alikuwa uani anaanika muhogo. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Hebu toa ulimi."

Nikautoa. Akauchungulia, akaguna, akarudi kwenye muhogo wake.

Nilikasirika, jamani! Heroini nimeivuta miaka na sikufa, kwenye nyumba ya waraibu nimetapika mpaka nyongo kuiacha, halafu kwetu napokelewa kwa ukaguzi! Mama mkubwa ndiye aliyenieleza. Kuna mtu alipiga simu akasema nimefia mtaroni. Maiti hawakuiona, ila hitma walisoma. Sasa nimerudi, na mama anasema mimi ni msukule: mtu aliyechukuliwa na wachawi, akakatwa ulimi, akawa analima mashamba yao na kulishwa pumba.

"Ulimi ameuona, bado ana wasiwasi," akasema mama mkubwa. "Wewe kula mbele yake. Akikuona unakula chakula cha watu, ataamini."

Kula! Hapo ndipo palikuwa na kazi. Madawa yalinisahaulisha njaa. Siku nzima ilikuwa inapita kwa andazi moja, nami sina habari. Sasa tumbo halikujua tena saa zake. Mama akitenga ugali na kisamvu, akakaa kunikodolea macho, nami namega kidogo. Tonge nalizungusha mdomoni mpaka linakuwa maji. Kilichoshuka ni chai tu, sukari vijiko vinane, na yeye anavihesabu kimya kimya, hapepesi. Akaanza kujifungia chumbani kwake hata mchana. Nilisikia komeo likiingia. Iliniuma, sisemi uongo.

Siku moja jua la utosi, wote wako mikoroshoni, njaa ikaja. Haikuanzia tumboni. Ilianzia mikononi, ikanitetemesha. Sikumbuki kuinuka. Nilichosikia ni mtu anatafuna, tena kwa pupa, karibu kabisa na sikio langu. Nikageuka kumtafuta. Stooni hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya gunia la pumba za kuku, mdomo umejaa, na sauti ile ilikuwa yangu.

Nikaogopa kweli. Nikawaza, labda aliyepiga simu hakukosea.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. Nilitaka kumwambia ni njaa tu, mama, ni mwili unarudi, lakini pumba zilinikaba. Nikangoja yowe lake.

Hakupiga yowe. Alikaa chini kwenye vumbi, akanifuta kidevu kwa ncha ya khanga. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mimi nilimwomba Mungu akurudishe," akasema. "Sikumwambia akurudishe vipi."

Akachota pumba kiganja kizima, akatia mdomoni, akaanza kutafuna.