Mguu wa Mbuzi Darasani

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha biolojia, katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, hatukuwa na kiunzi cha mifupa wala picha yake. Nilichora mkono ubaoni, nikaongeza misuli, wanafunzi wakanakili kimya. Nilipouliza musuli unafanya kazi gani, walinisomea sentensi yangu mwenyewe.

Mama yangu huuza nyama ya mbuzi sokoni Kadutu. Nilipomlalamikia kwamba sina cha kuwaonyesha wanafunzi, akasema, "Nitakuletea mbuzi." Nilidhani ni mzaha. Jumanne asubuhi akabisha mlango wa darasa, kitenge kimefungwa vizuri, ndoo mkononi. Ndani mlikuwa na miguu miwili ya mbele ya mbuzi na kisu chake.

Niliona haya, nisiseme uongo. Mama hakumaliza shule ya msingi.

"Bonjour, batoto."

"Bonjour, maman!"

Akalaza mguu mezani. "Mufupa, usiukate. Tafuta mulango yake." Akapitisha kidole gumba polepole, akatia ncha ya kisu, kiungo kikafunguka bila nguvu. Ncha ya mfupa ilikuwa nyeupe, inang'aa, inateleza kama sabuni iliyoloa.

"Gegedu!" nikapiga kelele. Haya yote ilinitoka. "Guseni! Ndiyo maana mifupa haisagani!"

Wakasongamana mezani. Mama akachuna ngozi ya nyuma ya mguu wa pili mpaka kano ikaonekana, kamba nyeupe, ngumu, inayofunga musuli kwenye mfupa. Akampa msichana wa dawati la mbele. "Vuta."

Akavuta. Kwato zikajikunja! Darasa zima likaruka. Wengine walipanda juu ya madawati.

"Sasa sukuma, zirudi!" mmoja akapaza sauti.

Msichana akasukuma. Kano ikalegea tu.

"Kamba inasukumaka?" mama akauliza. "Inavutaka tu. Ya kurudisha iko huku mbele." Akageuza mguu, akavuta kano ya mbele, kwato zikanyooka.

Nikawaambia washike mikono yao juu ya kiwiko, wakunje, wanyooshe. Musuli wa mbele unavuta, mkono unakunjika; wa nyuma unavuta, unanyooka.

"Madame, yangu iko inavimba!"

"Hata ya nyuma! Gusa!"

Prefe, mkuu wa shule, akaingia kwa sababu ya kelele. "Madame, kuko nini humu?" Kabla sijajibu, mama alikuwa amemshikisha kano avute. Akavuta. Akavuta tena, akacheka, tai yake ikagusa ndoo.

"Na darasa ya pembeni itaona lini?" prefe akauliza.

"Papa, saa nne niko sokoni," mama akasema. "Muwalete sasa."

Wakaja mbio, waliokosa nafasi wakasimama madirishani. Mama akawa anavuta, mimi nataja majina, sauti imenikauka. Mtu alipouliza kano fulani inaishia wapi, sikufungua kitabu. Nilimgeukia mama, naye akaifuata kwa kisu mpaka mwisho.