Padre Alipouliza Njia

Wiki jana padre aliniuliza mlango wa mgonjwa hapo kwa magorofa ya Soweto East. Niliacha omena, samaki wadogo ninaouza, kwa meza bila mtu, nikamshika mkono nikampeleka mpaka kitandani. Jirani alicheka: "Nyanya, umeokoka upya?"

Nilikuwa mdogo, tukikaa kwa mabanda ya Kambi Muru. Mzee wa mlango wa pili alipakwa mafuta na padre kwenye paji la uso na viganja, na kabla chai ya wageni haijapoa alikuwa amekufa. Nikajua basi kwamba yale mafuta ndiyo yanaua.

Kisha Mama akaugua. Mchana huo nyumba ilinuka mafuta ya taa na jasho, mabati yakilia kwa joto. Akaniambia, "Akinyi, simama njiani. Padre akikuja, mlete haraka."

Alikuja, viatu vimejaa matope. "Msichana, kwa Mama Akinyi ni wapi?"

"Ni kule chini, Padre. Karibu na reli."

Akanishukuru, akaniwekea mkono kichwani. Nilimwangalia akipotea katikati ya nyumba, mbali na kwetu, nikafurahi kwamba nimemwokoa Mama.

Leo najua mpako ule ni wa kumpa mgonjwa nguvu na kumwondolea dhambi. Siku hiyo nilijua tu kufunga mlango vizuri.

"Umemwona?" Mama akauliza.

"Bado."

Aliuliza tena, na tena, macho yake yakiwa mlangoni. Mwishowe, kabla ya kukata roho, hakuuliza kuhusu padre. Aliniangalia mimi.