Nyumba ya Ng'ambo Isiyoingiliwa na Bwana Harusi

Nyumba ya ng'ambo ninayo. Nianze na hilo, maana mtaani kwetu Kismayu wapo wanaosema niliota. Ninayo, karatasi zake zina muhuri, iko pwani ya Kenya kusini mwa Mombasa, ghorofa ya pili, na dirisha lake linatazama bahari, kana kwamba mimi niliwahi kupungukiwa na bahari.

Niliinunua kwa ajili ya mjukuu wangu. Mamake alifariki, nikamlea mimi. Na kwetu, kwa desturi niliyoikuta, mwanamume ndiye anayeingia kwa mke. Huingia akakaa fungate, siku saba hatoki, na watu wa mke ndio wanaopika. Msichana asiye na nyumba huolewa vilevile, lakini huolewa kama mtu aliyeazima sufuria: kila siku anangoja kuulizwa atairudisha lini.

Posa ilipokuja, mama wa kijana, mwanamke mwenye mdomo kama shoka, aliniuliza mbele ya watu, "Mwanangu anaingia nyumba gani?"

"Kula halua," nikamwambia. "Nyumba utaiona."

Sikuwa na nyumba ya kumwonyesha. Nilikuwa na hii ninayolala na shamba la minazi kisiwani Chula, la mamangu. Mwanangu yuko Uingereza, akanipigia simu. Kuna hoteli inauza vyumba vyake, mtu akinunua, hoteli hiyohiyo inakikodi kwake, inaweka watalii, na yeye anapata kodi yake.

"Hata bomba likipasuka si kazi yako, mama."

"Na nikitaka kuingia?"

"Si yako? Utaingia." Alikuwa kazini, anaharakisha. Simlaumu sana.

Mimi nililielewa jambo lile kwa akili ya minazi. Minazi yangu ya Chula nilikuwa nimemkodisha mtu wa Kudhaa miaka mingi. Akiangua, akiuza, simuulizi. Lakini nikiwa na harusi au na maiti, nilipanda mashua, nikaangusha nazi nilizotaka, na yeye mwenyewe akanisaidia kufunga magunia. Kwetu aliyekodi hamzuii mwenye mali siku ya shughuli. Atasema nini? Mchu, yaani mtu, hapigi hodi kwenye mnazi wake. Kwa hiyo nikamuuzia shamba lote, nikanunua nyumba, nikatangaza kwamba fungate italiwa Kenya, na mtu yeyote mwenye jicho la husuda alitoe mapema.

Mwezi mmoja kabla ya harusi tulikwenda kuiona, mimi na mjukuu wangu. Mjukuu huniita ayeyo, Kisomali, siku zote. Akiniita bibi najua nimekosa. Safari ilinivunja kiuno. Getini bawabu akauliza sisi wageni wa chumba gani.

"Mimi si mgeni. Mimi ndimi mwenye nyumba."

Akaita mtu kwa redio.

Ndani kulikuwa na msichana wa mapokezi, mpole, ana adabu zake. "Shikamoo, bibi." Akatazama kompyuta, akatazama karatasi zangu, akatazama kompyuta tena.

"Ni kweli, bibi, ni yako. Lakini tumeikodi sisi kwa miaka kumi. Wewe una wiki mbili kwa mwaka, miezi ya mvua, na utuarifu mapema."

"Nina harusi."

"Hongera, bibi. Chumbani ni watu wawili. Kupika hakuruhusiwi. Ngoma hapana, wageni wanapumzika."

"Vigelegele je?"

Akafikiri kidogo, maskini. "Navyo hapana."

Mjukuu wangu akaninong'oneza nyuma ya shingo, "Ayeyo, tutapiga moyoni." Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka.

Wakatupandisha tukaione, maana wageni wa jana walikuwa wametoka na wa leo hawajaingia. Kitanda kipana, mashuka meupe kama sanda, picha ya tembo ukutani. Tembo wa nini baharini? Nikaketi kitandani kupumzisha magoti. Mfanyakazi wa usafi alikuwa bado mlangoni na ndoo yake.

"Samahani, bibi, inuka kidogo. Nimeshatandika."

Nikainuka. Akanyoosha pale nilipokaa, kwa kiganja, mara mbili.

Nilimpigia mwanangu tukiwa bado njiani. "Mama, iliandikwa," akasema. "Kodi si inakuja?" Inakuja. Sikuibiwa, na sitaki mtu aniambie niliibiwa. Sahihi iliyopinda chini ya karatasi ni yangu. Ila kodi haina mlango wa kumwingiza bwana harusi.

Tuliporudi, mama wa kijana alikuwa wa kwanza kufika. "Tumesikia nyumba ina lifti!"

"Inayo."

"Basi tufunge mizigo?"

"Mwanao ataingia hapa. Nyumba hii."

Akatazama kuta, akatazama dari. "Na wewe utakaa wapi?"

"Wewe umekuja kuoza mwana au kunipangia mimi?"

Nyumba hii tuliikimbia wakati wa vita, tukaenda kukaa kambi ya Mombasa. Niliporudi nikakuta watu wengine ndani wanapika kwenye jiko langu. Sikupiga kelele. Nilitandika mkeka mlangoni pao, nikalala pale, nikasali pale, mpaka aibu ikawatoa. Mjukuu wangu anakijua kisa hicho kuliko sura ya Yasin. Nilipomwita kadhi kuandika kwamba nyumba ni yake, mjukuu alilia.

"Bibi, hii huitoi. Uliilalia chini."

"Ndiyo sababu ni yangu kuitoa. Ile nyingine sina hata ruhusa ya kukalia kitanda chake."

"Nitakaa nyumba ya kupanga. Wangapi wamepanga?"

"Wengi. Si wewe."

Harusi ilikuwa nzuri, na vigelegele vilipigwa mpaka mbwa wa bandarini wakaitika. Mimi nilihamisha godoro langu chumba cha nyuma, kilichokuwa cha kuni na madumu ya maji. Siku saba nilipika, nikaacha sinia mlangoni pao, nikagonga, nikaondoka. Goti moja limevimba mpaka leo.

Siku ya nane walitoka. Mume ni kijana mwema, hakuchukua mdomo wa mamake. Alinibusu mkono, akanywa chai, akazunguka sebuleni akipapasa kuta, kisha akanong'onezana na mkewe. Jioni wakaja na ndoo ya rangi, kijani ya kung'aa, kijani ya duka la dawa.

"Ayeyo, unaionaje?" mjukuu akauliza, brashi mkononi.

Rangi ile siipendi. Nilimwambia atandaze magazeti kwanza, sakafu isichafuke, nikaenda kulala.