Mwanamke Aliyenitangulia Kununua Tepu

Sikuwa na homa. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza, "Siku ile ulikuwa mzima kweli?" Nilikuwa mzima, nimekula, nimelala, na akili zangu zote ninazo. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Guangzhou, mchana kweupe, na shahidi wangu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Usipotaka kuamini basi, lakini nisikilize.

Mdogo wangu anaitwa Zuhura, yuko Lushoto. Ndoa yake ilipovunjika alinunua karavani kuukuu, ile nyumba ya bati yenye magurudumu ambayo Wazungu huivuta nyuma ya gari wakienda matembezi. Ilitengenezwa kabla sisi hatujazaliwa, na mwenyewe wa kwanza aliitelekeza shambani mpaka majani yakaifunika. Zuhura akaipenda. Akaanza kuikarabati kidogo kidogo, akahamia humo na binti yake, Nasra. Shida yake ikawa mvua. Maji yalipenya kwenye fremu za madirisha na kwenye maungio ya paa, godoro likalowa, mtoto akawa anakohoa haishi. Fundi wa kwanza alipaka silikoni kwa nje. Masika moja tu ikabanduka kama ngozi iliyoungua. Fundi wa pili akamwambia ang'oe fremu zote, atandike tepu ya puti chini yake, kisha akaze skrubu. Tepu hiyo ni laini kama ubani uliotafunwa, ukiibana inajaza kila upenyo.

Tanga akaikosa, Dar akaikosa.

"Dada, si uko China wewe?" akaniambia kwenye simu. "Kila kitu kinatoka huko. Ila isiwe ile inayokauka, nakuomba. Ikikauka nimekwisha."

Mimi nakaa Xiaobei, mtaa wa Dengfeng. Kazi yangu ni viatu vya soko la Zhanxi na vitu vya kuchezea watoto vya soko la Yide, nawanunulia watu wa nyumbani. Nikajua tepu ni tepu, nitaipata nikienda kula. Kumbe! Nilizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi hadi visigino vikavimba. Huyu ananipa tepu ya kufungia mabomba. Yule ananipa ya taa za magari. Wa tatu anatoa puti kavu inayokatika ukiivuta, nikimwonyesha ilivyokatika ananijibu, "Yiyang, yiyang," yaani ni ile ile. Ile ile vipi? Ingekuwa ile ile ningekuwa nimesimama hapo na mvua yote ile? Ilikuwa ile miezi ambayo Guangzhou kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki, sakafu inateleza. Nilikuwa na hasira na mji mzima.

Siku ya pili ndipo mambo yalipogeuka. Niliingia duka moja ambalo, wallahi, sikuwahi kulikanyaga. Mama mwenye duka akaniona, akakunja uso.

"Umerudi?" akasema. "Si umechagua asubuhi nzima ukaondoka?"

Nikamwambia kwa Kichina changu cha kuokoteza kwamba amenifananisha. Waafrika tuko wengi hapa, nikadhani ndiyo mambo hayo. Nikaenda duka la jirani. Mzee wa pale akacheka.

"Pengyou, rafiki yangu, sasa hivi tu nimekufungulia roli zote za tepu! Na Kikantoni chako kizuri kimekwenda wapi?"

Kikantoni? Mimi? Mimi kwa hicho Kikantoni cha wenyeji wa hapa najua kuhesabu tu, tena hapo katikati napotea.

Duka la mbele yake wakaninyima hata kipande cha kujaribu, eti nimeshapewa. Nikabisha. Wakanambia "meiyou", hakuna, na huku roli naiona kwa macho yangu nyuma ya kichwa cha muuzaji. Hebu jiweke mahali pangu. Unalaumiwa kwa usumbufu wa mtu mwingine, na kitu chenyewe hukipati!

Jioni narudi chumbani, mwenzangu Mama Furaha ananinunia. Huyu ni Mkongo wa Lubumbashi, tunapanga pamoja, mtu wa kanisa na mwenye moyo safi.

"Juu ya nini ulinipita ku lifti, weye?" akaniuliza. "Nakuita, unanipita tu, comme ça!"

"Lini?"

"Leo, midi. Ulibeba sac ya bluu."

Mimi mchana sikurudi nyumbani. Na mfuko wa bluu sina.

Nilipomweleza yote, akaacha kukoroga sombe yake, kisamvu cha kwao. "Usimufuate, maman," akasema taratibu. "Kitu kama kile hakifuatwi. Tuombe tu."

Tukaomba, yeye kwa yake na mimi kwa yangu. Lakini niseme kweli, woga sikuwa nao. Nilikuwa na hasira. Kesho yake nikadamka, nikawahi maduka yakiwa yanafunguliwa, nikijisemea leo huyo mtu ndiye atakayenikuta mimi.

Nikaingia kwa yule mama wa kwanza. Akanitazama, akatazama mlangoni, akanitazama tena. Safari hii hakukunja uso. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu. Juu ya meza palikuwa na kipande cha tepu ya kijivu, kimevutwa kikawa chembamba kama uzi bila kukatika. Ndiyo yenyewe niliyokuwa naitafuta! Mwishoni mwake mtu alikuwa amebonyeza dole gumba, alama imebaki wazi kabisa. Sasa, mimi kidole gumba changu kina kovu la kisu, limekatiza mshazari tangu utotoni. Na ile alama kwenye puti ilikuwa na mstari wa mshazari. Nikaweka kidole changu juu yake. Kikaingia kama ufunguo kwenye kufuli.

Yule mama akanyoosha mkono kuelekea barabarani.

Nikatoka mbio. Nikamwona mbele yangu, katikati ya mikokoteni ya mabomba, mwanamke mwenye koti la mvua kama langu, mtandio kama wangu, na mfuko wa bluu umelemewa na roli. Alikuwa akitembea kama ninavyotembea mimi, mguu wa kulia ukiburuta kidogo.

"Wewe mama!" nikapiga kelele. "Wewe, simama!"

Akasimama. Akageuka.

Nisikudanganye kwamba alikuwa na macho ya moto au kwato. Ilikuwa sura yangu. Ila yake ilikuwa imepumzika. Sijui nikuelezeje. Ni sura yangu kama ningekuwa sijawahi kugombana na mtu wa mizigo hata siku moja.

"Usihangaike," akaniambia kwa Kiswahili cha kwetu Tanga. "Nimeshachagua. Ya kijivu, ile isiyokauka. Wewe endelea na viatu vyako."

"Wewe ni nani?"

Akatabasamu. "Kwani Zuhura ana dada wangapi?"

Kisha akashuka ngazi za treni ya chini, bila haraka. Nikamfuata. Alipita kwenye kizuizi, mimi nikagusisha kadi yangu ya treni, kikakataa. Nikagusisha tena, kikakataa. Mlinzi akaja, akaichukua kadi, akaipima kwenye mashine yake.

"Kadi hii imeshaingia," akasema.

"Imeingiaje, na mimi niko hapa nje?"

"Imeshaingia."

Nikamwonyesha yule mwanamke anayeteremka, nikapiga kelele, nikalia. Watu wakatoa simu kunirekodi. Mpaka wananifungulia geti la pembeni, alikuwa ametoweka.

Sikulala. Kesho yake nikanunua tepu yoyote niliyoipata, nikampa mtu anayeruka kwenda Dar. Kabla mzigo wangu haujafika, Zuhura akanitumia sauti kwenye simu. Analia kwa furaha.

"Dada, ahsante. Lakini mbona umeondoka alfajiri bila kuniaga?"

Nikampigia. Akanambia nilishuka kwenye gari la Mombo mvua ikinyesha, na roli kwenye mfuko wa bluu. Eti nikang'oa madirisha kwa mikono yangu, nikakwangua silikoni yote kwa kijiti na mafuta ya taa, nikatandika tepu, nikakaza skrubu, na puti iliyofurika pembeni nikaikata kwa kisu cha plastiki. Nikalala nao. Nikampikia Nasra, nikamsimulia habari za bibi yake. Sasa halipenyi hata tone.

"Zuhura, mimi sijatoka Guangzhou."

"Dada, acha utani."

Nikamwonyesha pasipoti kwa video, kila ukurasa. Akasema, "Haya, sawa," kama mtu anayemridhisha mgonjwa. Tukagombana.

Mwisho nikakata tiketi. Nilipofika Lushoto ilikuwa inanyesha, na ndani ya karavani mlikuwa mkavu kama chungu kipya. Zuhura akanikumbatia. Nasra akasimama nyuma ya gauni la mama yake, akanikagua kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mama," akasema, "huyu si yule."

"Nasra! Mwamkie mama mkubwa!"

Akanipa shikamoo, lakini hakunikaribia mpaka nilipoondoka.

Mpaka leo nikipiga simu nyumbani, Zuhura kwanza anasikiliza ninavyopumua. Halafu ananiuliza, "Ni wewe, au ni yule?" Nikimjibu ni mimi, husema alhamdulillahi. Lakini mimi ni dada yake, naijua sauti yake ikikata tamaa.

Basi wewe uliye mbali na kwenu, ukiingia dukani ukaambiwa umetoka hapo sasa hivi, usicheke wala usibishane na mwenye duka. Toka nje, wapigie watu wako saa ile ile, waambie uko wapi na kwamba bado hujafika. Mimi nilichelewa.