Wawira na Sekondari ya Houston

Wawira alifanya kosa moja: kuisoma ile imeili kwa sauti jikoni.

"Wamenitumia sekondari!"

Mamake akaacha kukata sukuma. "Sekondari? Si ulimaliza Embu? Hao watu wa Houston wanakurudisha form ngapi?"

"Mum, si shule! Ni ku-apply udaktari. Fomu ya kwanza inaenda vyuo vyote. Chuo kikitaka kukujua zaidi, kinakutumia maswali yake uandike insha. Ndiyo wanaita sekondari. Ukichelewa, wanasonga na wengine."

Mama hakushika hata nusu. Jumapili, nje ya kanisa la Grand Prairie, mji wao wa ughaibuni, habari ilikuwa imeenea kama moto wa nyasi.

"Wawira!" Mjomba Wanjohi akaita. "Umeshanunua sketi ya uniform?"

Watu wakavunjika mbavu. Damu ikampanda. Nusura amrushie funguo za gari. Mwaka mzima anageuza wazee vitandani kwa nursing home, anasoma akiwa macho mekundu, halafu achekwe? Na mwaka jana alizilalia hizo insha, akidhani ni za kupita tu. Nafasi ikamtoka hivyo hivyo. Mwaka huu, zii, harudii!

Akajifungia kwa gari, akafungua laptop. Lilibaki swali moja, lile lililomkwamisha wiki nzima: eleza siku ulipoeleweka vibaya, na ulifanya nini.

Akacheka peke yake. Kueleweka vibaya anako, tena tele. Lakini amefanya nini? Kununa?

Akatoka, akafunga mlango kwa kishindo, akarudi katikati ya wale wacheshi.

"Mum, nisikize. Ni kama posa. Barua yetu imefika, wakwe hawajakataa. Sasa wanauliza: nyinyi ni watu wa aina gani? Tusipojibu, wanaozesha kwingine."

Wanjohi akajikuna shingo.

"Ngai!" Mama akashika kiuno. "Na umeacha wakwe mlangoni ukipiga domo hapa? Lete funguo! Wewe andika, mimi naendesha."

"Na chai ya kanisa?"

"Wanjohi atakunywa yako, si anajua mambo ya uniform!"

Wawira akaandika yote, hata ile sketi. Walipofika nyumbani akasoma mara ya mwisho, akabonyeza.

"Imeenda?"

"Imeenda, Mum."

"Haya. Wakianza mambo ya mbuzi, niite."