Waya wa Kijani

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa. Jana uliponipigia simu kutoka Muheza, ukasema spika mlizopewa harusini zinavuma na jirani amekushauri ukate waya wa kijani kwenye plagi, nilikufokea. Nisamehe. Sasa nisikilize, maana haya sijamwambia mtu.

Tulikuwa Raskazone, baba akipika kwenye moja ya nyumba zile kongwe, sisi tukikaa banda la uani. Nilikuwa kijana mjuaji, na nilikuwa nimepata amplifaya ya mtumba yenye kasha la chuma. Dada yangu Mwanahamisi, ambaye wewe umepewa jina lake, alikuwa anaolewa wiki ile, nami niliahidi muziki wa kina mama siku ya hina.

Nilipoiunganisha na redio kaseti na televisheni, ikavuma bila kukoma, hata sauti ukiishusha. Shangazi zangu wakanicheka.

"We Athumani, umetuletea muziki ama mashine ya kukoboa?"

Nikaona haya kwelikweli. Nikamwendea Mzee Sefu, fundi redio wa mtaa, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye kazi yake, akanieleza taratibu: chomoa vyote, uache amplifaya na spika tu. Ukisikia kimya, rudisha kimoja kimoja mpaka ukijue chenye kelele. Vyote uvichomeke mahali pamoja, na nyaya za sauti zisilale juu ya waya wa umeme.

"Ukishindwa, niletee nikifungue chombo chenyewe," akasema. "Lakini waya wa kijani usiuguse. Umeme ukipotea njia, huo ndio unaoupeleka ardhini."

Ilikuwa kazi ya asubuhi nzima, nami subira hiyo sikuwa nayo. Nikafungua plagi, nikaukata waya wa kijani kwa kisu cha jikoni. Mvumo ukakoma palepale. Wanawake wakapiga vigelegele, dada akanibusu kichwani mbele ya watu. Nilijiona fundi kumshinda Mzee Sefu, na kusema kweli sijasifiwa vile tena maishani.

Keshokutwa yake asubuhi, dada alikuwa anapiga deki kabla wageni wa harusi hawajafika. Miguu mitupu, sakafu imelowa. Akaipangusa vumbi ile amplifaya, bado imechomekwa kwenye umeme. Ndani yake mlikuwa na waya uliochunika, umegusa kasha la chuma, na hakuna aliyejua. Umeme uliopaswa kwenda ardhini ulipita kwake. Tulimkuta ameanguka, kitambaa kimo mkononi, na hina yake bado imekolea.

Mzee Sefu alikuja matangani. Akaifungua plagi, akaona, akaifunga tena, kisha akaniita pembeni.

"Mwambie baba yako wewe mwenyewe," akasema. "Mimi sitakusemea."

Nikamwahidi. Sikusema. Baba ndiye aliyemtuma dada apige deki asubuhi ile, na alijilaumu kwa hilo mpaka siku tulipomzika yeye mwenyewe. "Ningemwacha apumzike," alikuwa akisema, miaka nenda miaka rudi. Mimi nilikaa naye barazani, nikamsikia, nikanyamaza. Niliyaogopa macho yake. Hili linaniuma kuliko hata ule waya.

Basi nakuusia, Mwanahamisi. Chombo kikipiga kelele, usikimbilie kukikata sauti. Tafuta kelele inatoka wapi, ukishindwa mwite fundi. Waya wa kijani uache ulipo. Na ukikosea, sema mapema, wakati yule anayepaswa kusikia bado yu hai. Baba yangu nilikuwa na neno la kumtua mzigo wake, akaenda nao kaburini.

Jumamosi nitakuja, tuchomoe vyote, turudishe kimoja kimoja. Usiguse kitu kabla sijafika. Mungu akupe umri ambao shangazi yako hakuupata, na hina ya mikono yako ifutike polepole, kwa kazi za nyumbani kwako.